Makovu ya Pua Niliyoyahudumia

Kazi yangu katika upasuaji wa pua huanza pale daktari anapovua glovu. Mimi ni muuguzi. Nasafisha vidonda, natoa nyuzi, nabadilisha plasta, kisha namfuatilia mgonjwa mpaka mwaka wake utimie. Daktari hukumbuka umbo aliloliacha mezani; mimi nakumbuka jinsi ngozi ilivyolipokea. Nikizungumzia makovu, basi, nazungumzia kitu nilichokiona kikizaliwa, kikivimba, kikibadilika rangi na, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kikififia hadi mwenyewe akakitafuta kwenye kioo asikione.

Karibu kila anayekuja kuulizia upasuaji wa kurembesha pua huuliza kama kovu litaonekana, na kabla hajamaliza swali kidole chake kimeshagusa ule mkanda mwembamba wa ngozi unaotenganisha matundu mawili ya pua. Sisi huuita kolumela. Ameona picha, amesikia kwamba kuna madaktari wanaokata hapo na wengine wasiokata, na ameshaamua kuwa asiyekata ndiye bora. Naielewa hofu hiyo. Uso hauvikwi nguo. Lakini miaka ya kutoa nyuzi imenifundisha kwamba kovu la kolumela, likishonwa vizuri, ni miongoni mwa yale yanayopona kwa uzuri zaidi usoni. Makovu yanayowaliza watu yako kwingine: pembeni mwa mabawa ya pua, mahali palipotolewa gegedu (ule mfupa laini unaonyumbulika) la kupandikiza, na ndani kabisa ya pua, ambako mgonjwa hajioni hata akitumia kioo.

Kwanza nieleze chale zenyewe zinapita wapi, kwa sababu nimekutana na watu walioweka saini kwenye fomu bila kujua.

Katika njia ya wazi, daktari hukata kolumela kwa upana wake, aghalabu pale ilipo nyembamba zaidi, kisha huendeleza chale ndani ya kila tundu akifuata ukingo wa chini wa gegedu la ncha. Akishafika hapo anaweza kuinua ngozi ya ncha na ya mgongo wa pua, na gegedu zote zikawa mbele ya macho yake. Sehemu inayokatwa kwa nje ni milimita chache tu. Wala haikatwi kwa mstari ulionyooka. Hukatwa kwa umbo la V iliyopinduliwa, au kwa vidato. Kovu lolote hujikunyata linapokomaa, na mstari ulionyooka ukijikunyata huacha kibonyeo kinachoonekana mtu akitazamwa kwa upande. Mstari uliovunjwa huugawa ule mvuto, hivyo hakuna upande unaovutwa peke yake. Pia, ile kona ya V humwonyesha daktari pa kuirudishia ngozi, kama alama ya chaki ya fundi cherehani, ili kingo zikutane pale pale zilipoachana.

Katika njia ya ndani chale zote hukaa ndani ya matundu: kati ya gegedu la juu na la chini, au kupitia gegedu la chini lenyewe, au kwenye ukingo wake. Ngozi ya nje haiguswi. Daktari hufanya kazi katika nafasi finyu, sehemu nyingine akiiona, sehemu nyingine akiihisi kwa vidole. Aliyeizoea njia hii hufanya mambo ya ajabu. Nimeona pua zilizokuwa na nundu ya mfupa mgongoni tu, ncha yake haina shida, zikifanyiwa kwa ndani na baada ya majuma machache uvimbe umeshapungua sana, ganzi ya ncha haipo, na hakuna hata nukta ya kuhudumia kwa nje. Kwa pua ya namna hiyo, sioni sababu ya kukata kolumela.

Wagonjwa wengine huambiwa kwamba njia moja ni ya kisasa na nyingine imepitwa na wakati. Zote mbili ni za zamani. John Orlando Roe wa Rochester, Marekani, alichapisha mwaka 1887 jinsi ya kurekebisha pua kwa chale za ndani. Mjini Berlin, Jacques Joseph alianza mwaka 1898 kwa kukata ngozi ya nje, halafu katika miaka iliyofuata akahamia ndani ili kuepuka kovu. Chale ya kolumela ilielezwa na Aurel Rethi wa Hungaria, Ante Šerčer akaiendeleza kule Zagreb, na ni makala ya Wilfred Goodman wa Kanada, ya mwaka 1973, iliyosaidia sana kuifanya ikubalike Amerika Kaskazini. Watu hawa wote walikuwa wanahangaika na jambo lile lile linalomhangaisha mgonjwa wangu: nitafikaje ninapotaka kufanya kazi bila kuacha alama, na nikikosa kuona vizuri, nitaharibu nini?

Siku ya kutoa nyuzi za kolumela huwa kati ya siku ya tano na ya saba. Ni nyuzi nyembamba mno, na mimi huvaa miwani ya kukuza. Kabla ya kukata uzi wa kwanza huwa naangalia kitu kimoja: je, kingo mbili za ngozi ziko kwenye usawa mmoja? Zikiwa sawa, najua kwamba kazi iliyobaki ni ya muda. Ukingo mmoja ukiwa umepanda juu ya mwingine hata kwa tofauti ndogo, kivuli kitaangukia pale na mwanga utaonyesha kidato. Rangi ya kovu hubadilika. Kidato hakijisawazishi chenyewe. Kwa hiyo anayeniuliza kama chale ya V ni bora kuliko ya vidato, humwambia kwamba nimeona zote zikipona vizuri na zote zikipona vibaya, na tofauti ilikuwa kwenye uvumilivu wa mshonaji katika robo saa ya mwisho, wakati kazi kubwa imeshakwisha na kila mtu chumbani amechoka.

Jambo la pili ninaloliangalia ni kama ngozi imevutika. Pua iliyoongezewa urefu wa ncha huhitaji ngozi zaidi ya ile iliyokuwapo. Kolumela hukazwa, ngozi hupauka, na kovu linalopona likivutwa hupanuka. Hili daktari mwangalifu huliona kabla ya kushona na hupunguza matarajio ya ncha badala ya kulazimisha ngozi. Jambo la tatu ni sigara. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoinuliwa kutoka kwenye gegedu inategemea mishipa hiyo hiyo kuishi. Tuna kanuni ya kuacha kabisa angalau majuma manne kabla ya upasuaji na mengine manne baada yake, pamoja na plasta na vifaa vya mvuke vyenye nikotini. Nimewahi kusafisha ncha ya kolumela iliyogeuka nyeusi kwa mtu aliyeendelea kuvuta kwa siri. Ilipona, lakini kwa kuacha pengo dogo ambalo hakuna krimu iliyoweza kulijaza.

Baada ya nyuzi kutoka huja kipindi kigumu, nacho huwashtua wengi. Kovu ambalo siku ya saba lilikuwa mstari mwembamba linaanza kuwa jekundu au la kahawia iliyokolea, linakuwa gumu kidogo, linainuka. Hiyo ni kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, inayojengwa kwa pupa. Jeraha la juma moja lina takriban asilimia 3 tu ya nguvu ya ngozi nzima. La majuma matatu lina kama asilimia 20. Likifika miezi mitatu linakaribia 80, na hapo ndipo linapokomea, halirudi kuwa 100. Katika miezi inayofuata mwili huzipanga upya nyuzi za kolajeni na kupunguza mishipa ya damu, na ndiyo maana kovu hulainika na kupauka. Mgonjwa anayejipiga picha kila asubuhi katika mwezi wa pili anajitesa bure. Huwaomba wapige picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga ule ule, kichwa kimeinuliwa vile vile. Picha hizo zimewatuliza watu wengi kuliko maneno yangu.

Sasa niseme kuhusu msichana mmoja aliyenifanya niache kujibu maswali ya kovu kwa haraka. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, nzuri, na nyuma ya tundu la hereni alikuwa na keloidi ya ukubwa wa punje ya mahindi. Mama yake ndiye aliyelileta jambo: "Nesi, huyu damu yake haipendi kukatwa. Kama sikio tu limefanya hivi, pua itakuwaje?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Keloidi hutokea zaidi kwa wenye ngozi nyeusi, zaidi kwa vijana, na hufuata familia. Tofauti yake na kovu lililoinuka la kawaida ni kwamba keloidi huvuka mipaka ya jeraha na kuendelea kukua kwenye ngozi ambayo haikukatwa.

Binti alikuwa ameshaamua kwamba njia ya ndani ndiyo pekee itakayomwokoa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza jambo ambalo hakulitarajia. Keloidi zina mahali zinapopapenda: ndewe za sikio, kifua, mabega, taya, sehemu ya juu ya mgongo. Kolumela si mojawapo. Keloidi hapo ni nadra hata kwa wenye ngozi nyeusi. Lakini pua yake ilihitaji gegedu la kuimarishia ncha, kwani lake lilikuwa laini na dogo chini ya ngozi nene. Gegedu huchukuliwa kutoka sehemu tatu: ukuta wa katikati ya pua, sikio, au ubavu. Kwa mtu huyu, kuchukua sikioni kungekuwa kukata mahali ambapo mwili wake umeshaonyesha tabia yake. Kuchukua ubavuni kungemaanisha kovu kifuani, eneo linalojulikana kwa keloidi. Chale aliyoiogopa ilikuwa na hatari ndogo. Chale ambayo hakuwahi kuifikiria ndiyo ingeweza kumtia matatani.

Walichukua gegedu ukutani mwa pua, ambako huingiwa kwa ndani na hakuachi alama nje, na ncha ikajengwa kwa njia ya wazi ili gegedu lile dogo litumike bila kupotea hata kipande. Nilimfuatilia kwa ukaribu kuliko wengine, na kwa woga kidogo, nikiri. Mwezi wa tatu mstari wake ulikuwa mweusi kuliko ngozi iliyouzunguka. Haukuinuka. Mwezi wa kumi na mbili ilibidi aniinulie kichwa dirishani ndipo niuone. Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu makovu, namwomba kwanza anionyeshe aliyonayo tayari: ya chanjo, ya hereni, ya chunusi, ya kuanguka utotoni. Na namshauri amwonyeshe daktari hayo hayo, kabla ya kumwonyesha picha za pua anayoitaka.

Upande wa mabawa ya pua ndipo ninapopata kazi nyingi zaidi. Watu hulichukulia kama jambo dogo la kuongezea mwishoni: "na mabawa yapunguzwe kidogo." Robert Weir wa New York alieleza ukataji huu mwaka 1892, na hadi leo jina lake hutajwa chumbani. Hata anayefanyiwa kwa njia ya ndani, akipunguziwa mabawa atakuwa na chale ya nje, na hili husahaulika katika mazungumzo ya "upasuaji usio na kovu". Kuna namna mbili kuu. Kama tatizo ni upana wa tundu tu, kipande kidogo huondolewa kwenye sakafu ya tundu, na kovu hujificha kwenye kivuli cha kuingilia ndani. Kama bawa lenyewe limetuna, kipande hukatwa kwenye tako la bawa, na chale hulizunguka pembeni linapokutana na shavu. Hiyo ya pili huonekana na kila anayekutazama kutoka pembeni.

Ngozi ya pale ni tofauti kabisa na ya kolumela. Ni nene, ina tezi nyingi za mafuta, vinyweleo vyake ni vipana. Sindano ikipita kwenye kinyweleo, na uzi ukikaa muda mrefu, ngozi huota kuufuata uzi hadi ndani na kuacha vialama vya nukta pande zote mbili za mstari. Kijana mmoja alikuja kwetu kutolewa nyuzi zilizowekwa kwingine. Alikuwa amesafiri baada ya upasuaji, na hakuna aliyemwambia kwa msisitizo kwamba nyuzi hizo hazisubiri. Zilikuwa zimekaa zaidi ya majuma mawili. Chale yenyewe ilikuwa imepona vyema, mstari mzuri kabisa. Zile nukta ndizo zilizobaki, na ndizo anazoziona yeye hadi leo. Kwa nyuzi za bawa, juma moja linatosha. Nyingine tunaziondoa kabla ya hapo na kuweka plasta nyembamba za kushikilia.

Madaktari hubishana kama chale iwekwe ndani kabisa ya mfereji wa bawa au milimita moja juu yake. Anayeiweka ndani ya mfereji anataka mkunjo wa asili uufiche mstari. Anayeiweka juu kidogo anataka kingo mbili zinazofanana unene zikutane, na anataka mfereji wenyewe ubaki bila kuguswa, kwani mfereji ukifutika pua huonekana imebandikwa usoni. Mimi nimehudumia zote mbili na siwezi kuapa kwa mojawapo. Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kwamba kipande kikubwa kilichokatwa kwa tamaa ya kupata tundu dogo huleta kovu baya kokote chale ilikowekwa. Bawa huvutwa, mshono hutanuka, tundu hupoteza duara lake na kuwa kama limechongoka chini. Kilichobakizwa kinaweza kupunguzwa baadaye. Kilichotolewa hakina pa kurudishwa.

Kuna chale nyingine ambayo wengi hawajui kama ipo. Daktari akitaka kuvunja mfupa wa pembeni ili kuusogeza, anaweza kupitisha patasi ndogo kupitia tundu la milimita mbili kwenye ngozi ya ubavuni mwa pua au ndani ya mdomo wa tundu la pua. Ile ya nje haishonwi mara nyingi. Wagonjwa huishtukia plasta inapotoka na kudhani wamechomwa kwa bahati mbaya. Hupona na kubaki nukta hafifu, au pasibaki kitu. Nasema tu mtu aambiwe mapema.

Nilichochelewa kukielewa, kwa sababu hakionekani, ni kovu la ndani. Mama mmoja wa makamo alifanyiwa pua kwa njia ya ndani katika kituo kingine, na alikuwa amechagua njia hiyo kwa ajili ya kovu tu. Kwa nje pua yake ilikuwa nzuri na safi. Alikuja kwetu kwa sababu hakuweza kulala usiku. Upande mmoja hewa haikupita, na akivuta pumzi kwa nguvu bawa lilinyonywa kuelekea ndani. Akilivuta shavu kwa kidole kando ya pua, hewa ilipita. Pana mahali ndani ya pua, pale gegedu la juu linapokutana na ukuta wa kati, ambapo njia ni finyu kuliko kwingine kote. Pembe yake ni kama digrii 10 hadi 15 tu. Chale ya kati ya gegedu hupita jirani na hapo. Ikivutwa mbali kupita kiasi, au ngozi laini ya ndani ikikatwa zaidi ya inavyohitajika, au kingo zikiachwa bila kushonwa vizuri, kovu hujikunyata kama makovu yote na kutengeneza utando. Milimita moja nje ni jambo la urembo. Milimita moja pale ni jambo la pumzi.

Alirekebishwa, na marekebisho hayo yalihitaji njia ya wazi na gegedu kutoka sikioni. Kwa hiyo mama aliyechagua ili asiwe na kovu aliishia na kovu la kolumela, kovu la nyuma ya sikio, na la ndani. Alipona vizuri na sasa analala. Lakini aliniuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake: mbona hakuna aliyeniuliza napumuaje kabla ya kuniuliza nataka pua gani? Simlaumu daktari wake wa kwanza kwa kuchagua njia ya ndani. Nimeshasema kuwa kwa pua inayoifaa ni njia nzuri sana. Pua yake, kwa maelezo aliyoyaona baadaye kwenye faili, ilikuwa imepinda tangu ukutani na ncha yake ilihitaji kujengwa upya. Ilihitaji macho. Chale ikichaguliwa kwa sababu ya kovu peke yake, kazi iliyo chini ya ngozi hubaki nusu, na kila upasuaji wa marudio huingia kwenye ngozi iliyokwisha kushikana na makovu ya kwanza, yenye damu kidogo, isiyonyumbulika. Upasuaji wa pili ndio mkubwa zaidi wa kuogopwa kwa makovu, na mara nyingi unaweza kuepukwa kwa kuufanya wa kwanza kwa njia inayofaa.

Kuna pia kovu lililo katikati, chini ya ngozi na juu ya gegedu. Wenye ngozi nene wanalijua. Sehemu ya juu kidogo ya ncha hubaki imejaa miezi mingi, pua inaonekana ya mviringo, na mtu anasema daktari hakupunguza kitu. Njia ya wazi huleta uvimbe huu kwa muda mrefu zaidi, kwani ngozi imeinuliwa kwa eneo kubwa zaidi. Ncha inaweza kukaa na ganzi kwa miezi, na uvimbe wa mwisho kuisha baada ya mwaka. Plasta ya usiku husaidia kuibana ngozi ishuke. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa kipimo kidogo husaidia pia, lakini si ya kukimbilia: ikizidi, au ikiwekwa juujuu, ngozi hukonda na kubonyea, na kibonyeo kile ni kigumu kukirudisha kuliko uvimbe uliokuwa ukielekea kwisha wenyewe.

Huduma ninayowafundisha nyumbani ni fupi. Magamba ya damu kwenye mshono yalainishwe kwa maji ya chumvi na kijiti cha pamba, yaondoke bila kuchokolewa kwa kucha. Mafuta ya mgando au dawa ya kupaka uliyopewa iwekwe nyembamba ili mshono usikauke, maana gamba gumu huzitenganisha kingo. Jeraha likishafunga kabisa, jeli ya silikoni inaweza kuanza. Jua lizuiwe kwa losheni yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 kwenda juu kwa mwaka mzima, na zaidi kwa ngozi nyeusi, ambayo hushika weusi wa jeraha haraka na kuuachilia polepole. Wapo wanaoona weusi huo wakakimbilia krimu kali za kung'arisha. Nawasihi waache. Nyingi zina steroidi kali zinazokondesha ngozi ile ile tunayojaribu kuijenga.

Siku hizi anayekuja kuuliza habari ya kovu hukaa nami kabla hajaingia kwa daktari, na namwandikia maswali kwenye karatasi aingie nayo. Tatizo la pua yangu liko kwenye mfupa, ncha, ukuta, au mabawa? Kwa tatizo hilo, unahitaji kuona nini, na chale gani inakuonyesha? Utahitaji gegedu, na ukilikosa ukutani utalitoa wapi? Mabawa yatakatwa, na chale itaishia wapi? Nichoree kwa kalamu usoni. Nani atatoa nyuzi, siku gani? Njia hii ndiyo unayoifanya mara nyingi? Swali hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu daktari aliyezoea njia ya ndani akilazimishwa na mgonjwa kufanya ya wazi, au kinyume chake, anafanya kazi kwa mkono asiouzoea. Daktari mwema hachukii maswali haya. Nimewaona wakichukua kalamu na kuchora pale pale.

Kuhusu kurekebisha kovu lenyewe: la kolumela lenye kidato au kibonyeo linaweza kukatwa na kushonwa upya, na la bawa vilevile, lakini tunasubiri mwaka utimie kwa sababu mengi hujitengeneza kabla ya hapo. Mambo mawili hayasubiri. Kovu linaloendelea kukua, kuwasha na kuvuka mipaka ya chale lionwe mapema, kwani keloidi changa huitikia matibabu kuliko iliyokomaa. Na pua inayozidi kuziba badala ya kufunguka baada ya uvimbe wa mwanzo kupungua irudishwe kwa daktari aikague ndani kwa taa, hata kama kwa nje imependeza kuliko ilivyowahi kuwa.